Namna ya kumwezesha mtumiaji kuhariri ujumbe unaosubiri katika programu ya mazungumzo ya akili unde

Mtu anayezungumza na programu ya akili unde haachi kufikiri kwa sababu programu inaandika jibu. Maneno yakiwa bado yanajitokeza kwenye skrini, yeye ameshaona kosa katika swali lake, amekumbuka jambo alilolisahau au ametaka kuongeza sharti, naye huandika ujumbe wa pili na kubofya kitufe cha kutuma kabla jibu la kwanza halijamalizika. Programu nyingi siku hizi huupokea ujumbe huo na kuuweka kwenye foleni hadi modeli, yaani mfumo wa akili unde unaoandika majibu, itakapokuwa tayari. Tatizo huanza pale mtumiaji anapotaka kuubadilisha ujumbe huo ukiwa bado foleni, kwa kuwa sehemu hii ya programu mara nyingi hujengwa mwishoni, kwa haraka, na bila kufikiriwa kwa kina.

Mwongozo huu umeandikwa kwa wabunifu na wasanidi wanaojenga au kurekebisha programu za namna hiyo. Msimamo unaouongoza ni mmoja: ujumbe ambao modeli haijausoma ni mali ya mtumiaji, na mara tu anapougusa ili auhariri, foleni lazima isimame. Mengine yote yaliyomo humu yanatokana na hilo.

Tenganisha hali za ujumbe kabla ya kuchora kitufe chochote

Kuna maandishi ambayo bado yamo kwenye kisanduku cha kuandikia. Kuna ujumbe ambao mtumiaji ameshabofya kuutuma lakini bado uko foleni na modeli haijaanza kuusoma. Na kuna ujumbe ambao umeshasomwa na pengine kujibiwa. Kuhariri kuna maana tofauti katika kila hali. Katika hali ya kwanza hakuna linalobadilika nje ya kisanduku. Katika hali ya pili maneno yanabadilika bila kuacha alama, kwa sababu hakuna aliyeyasoma. Katika hali ya tatu historia ya mazungumzo yenyewe inabadilika: katika ChatGPT, kwa mfano, imezoeleka kwamba kuhariri ujumbe uliokwisha kujibiwa huzaa tawi jipya la mazungumzo, na jibu huandikwa upya. Ukitumia alama ileile ya kalamu kwa hali ya pili na ya tatu bila maelezo yoyote, mtumiaji hatajua kama anarekebisha neno moja au anaanzisha mazungumzo upya kuanzia hapo. Kwa hiyo ujumbe unaosubiri uonekane tofauti na uliotumwa: upewe rangi iliyofifia kidogo, mpaka wa mistari ya vipande, na juu ya yote maandishi yanayosema waziwazi "Bado haujatumwa". Rangi peke yake haitoshi, kwa kuwa wapo wasioweza kuitofautisha.

Watumiaji huja na mazoea waliyoyapata kwingine, na ni vyema kuyaelewa kabla ya kuyaiga. WhatsApp iliruhusu kuhariri ujumbe mwaka 2023, ndani ya dakika 15 tangu ulipotumwa, na ujumbe uliohaririwa hubeba alama ya kumjulisha mpokeaji. Gmail humpa mtumaji nafasi ya kutengua barua aliyoituma kwa sekunde 5, 10, 20 au 30, kulingana na mpangilio aliouchagua. Katika mifano hiyo miwili kinachotawala ni saa. Foleni ya mazungumzo na akili unde haina saa: nafasi ya kuhariri hufungwa pale jibu linalotangulia linapomalizika, na hakuna ajuaye kwa hakika litamalizika lini. Kwa sababu hiyo usiweke kihesabu cha sekunde kinachorudi nyuma, kwa kuwa kitakuwa kinabahatisha. Vilevile usiweke alama ya "Umehaririwa" kwenye ujumbe ambao haujasomwa. Modeli itaona toleo la mwisho tu, na alama hiyo itamfanya mtumiaji adhani kwamba toleo la kwanza nalo lilifika.

Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, alipotoa kanuni zake 10 za usanifu wa violesura (sehemu za programu ambazo mtumiaji huziona na kuzigusa) mwaka 1994, ya kwanza ilikuwa kumwonyesha mtumiaji hali ya mfumo, na ya tatu kumpa udhibiti na uhuru wa kujitoa mahali alipoingia kwa bahati mbaya. Foleni isiyoonekana inavunja ya kwanza, na foleni inayoonekana lakini haihaririki inavunja ya tatu.

Foleni isimame mtumiaji anapoanza kuhariri

Chukua mfano wa mhasibu anayeandaa barua ya kumkumbusha mteja deni. Ameomba barua ya ukurasa mmoja, na jibu likiwa katika aya ya pili anaandika, "Mwisho wa malipo uwe tarehe 12 Juni," kisha anatuma. Ujumbe unakaa foleni. Anausoma tena na kugundua kwamba tarehe sahihi ni 21. Anabofya "Hariri", kishale kinatua mwishoni mwa sentensi, anakirudisha nyuma hadi kwenye namba, anafuta 12. Wakati huohuo modeli inaandika "Wako mwaminifu" na jibu linafikia mwisho. Programu isiyojengwa kwa uangalifu inatekeleza ilichoagizwa: jibu limekwisha, chukua ujumbe wa kwanza kwenye foleni, utume. Ujumbe unaondoka na tarehe 12, kwa sababu hilo ndilo toleo lililokuwa limehifadhiwa, na kisanduku alichokuwa akiandikia kinatoweka vidole vyake vikiwa bado kwenye kibodi. Barua mpya inaanza kuandikwa ikiwa na tarehe ya uongo, na mhasibu analazimika kuisimamisha, kuandika ujumbe wa tatu, na kusubiri tena.

Hakuna rangi wala mwonekano utakaoliponya kosa hilo. Dawa yake ni kuongeza hali moja kwenye mpangilio wa ujumbe, nayo ni hali ya kushikiliwa. Mtumiaji anapobofya "Hariri", jambo la kwanza kutokea, kabla hata kishale hakijaonekana, ni ujumbe huo kuandikwa kuwa umeshikiliwa. Sehemu ya programu inayochukua ujumbe kutoka kwenye foleni iangalie hali hiyo kila mara, na ikikuta ujumbe wa mbele umeshikiliwa, isubiri. Mtumiaji akihifadhi mabadiliko au akiyaacha, ndipo ujumbe urudi katika hali ya kusubiri na foleni iendelee.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni kama ujumbe ulio nyuma ya ule ulioshikiliwa uruhusiwe kupita mbele. Jibu langu ni hapana. Mpangilio wa ujumbe unabeba maana: ujumbe wa pili ukisema "kisha uitafsiri kwa Kiingereza", neno "uitafsiri" linategemea kilichotangulia. Foleni nzima isimame, na mahali pake paonyeshe sababu kwa sentensi fupi kama "Foleni imesimama kwa sababu unahariri". Bila sentensi hiyo mtu atadhani programu imekwama.

Uzito wa jambo hili unaongezeka pale akili unde inapopewa uwezo wa kutenda, kama vile kubadilisha faili, kutuma barua pepe au kuendesha programu nyingine. Mtumiaji aliyeandika "Futa faili za Machi" na sasa anataka kuandika "Usifute faili za Machi" anaongeza herufi tatu na kubadilisha moja tu, lakini ujumbe ukimtoroka katikati ya kuhariri, anaweza kupoteza kazi ya mwezi mzima. Katika programu za namna hii ningependekeza foleni isitoe ujumbe hata pale mtumiaji alipogusa tu ujumbe kwa kidole bila kubofya "Hariri", angalau kwa muda mfupi wa kumwezesha kuamua.

Foleni ikae wapi, na nani mwenye neno la mwisho

Foleni iliyowekwa ndani ya kivinjari ni rahisi kujenga. Ujumbe haujaondoka kwenye kifaa cha mtumiaji, kwa hiyo kuushikilia ni kubadilisha thamani moja tu. Ubaya wake ni kwamba ukifunga kichupo, foleni inapotea, isipokuwa kama umeihifadhi katika hifadhi ya kivinjari kila inapobadilika. Kwa mazungumzo ya kawaida ambayo majibu yake huchukua sekunde chache, hifadhi ya kivinjari inatosha.

Kazi zinazochukua dakika nyingi ni jambo jingine. Hapo mtumiaji anataka kufunga kompyuta na kuikuta kazi imeendelea, kwa hiyo foleni inapaswa kukaa kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali inayoendesha programu, na hapo ndipo mgongano unapozaliwa: kivinjari kinasema "nimeanza kuhariri" katika sekunde ileile ambayo seva inasema "nimeshauchukua". Mmoja lazima awe na neno la mwisho, na huyo ni seva. Kila ujumbe upewe kitambulisho cha kudumu na namba ya toleo. Mtumiaji anapobofya "Hariri", kivinjari kitume ombi la kushikilia likiwa na vitambulisho hivyo viwili. Seva ikikubali, inarudisha jibu la kuthibitisha na kuuweka ujumbe kando. Ikiwa umeshachukuliwa, au toleo limeshabadilishwa kutoka kifaa kingine, irudishe jibu la HTTP (utaratibu wa mawasiliano kati ya kivinjari na seva) lenye namba 409, ambalo maana yake ni mgongano. Usisubiri jibu hilo ndipo umruhusu mtumiaji kuandika, kwa kuwa kwenye mtandao wa simu linaweza kuchukua sekunde kadhaa. Mfungulie kisanduku mara moja, na jibu likija la kukataa, mweleze.

Namna ya kumweleza ndiyo inayotenganisha programu inayomheshimu mtumiaji na isiyomheshimu. Maandishi aliyokwisha kuyarekebisha yasifutwe kwa hali yoyote. Yabaki palepale, na juu yake yaandikwe maneno kama "Ujumbe wa awali umeshaanza kujibiwa", yakifuatiwa na njia mbili: "Simamisha na utume huu badala yake" na "Tuma huu kama ujumbe mpya". Njia ya kwanza inasimamisha jibu linaloandikwa na kuliondoa lile toleo lenye kosa katika historia. Ya pili inaliacha jibu liendelee na kuuweka ujumbe uliorekebishwa nyuma yake. Usimchagulie. Wewe hujui kama kosa lilikuwa la herufi moja au la maana nzima.

Mtandao ukikatika wakati wa kuhariri, seva itaona ukimya. Wasanidi wengi huweka muda wa ukomo, kwa mfano dakika 5, kisha huondoa hali ya kushikiliwa na kuuacha ujumbe wa zamani uondoke. Huo ni uamuzi mbaya, kwa sababu mtumiaji ameshaonyesha kwamba hayataki maneno yale. Muda wa ukomo ukiwepo, ujumbe ugeuke kuwa rasimu isiyotumwa, na foleni isubiri hadi mwenyewe arudi na kuamua. Kazi itachelewa, na kuchelewa kunarekebishika.

Hali kadhalika, mtumiaji akibofya kitufe cha kusimamisha jibu, au jibu likikatika kwa hitilafu, foleni isijiendeshe. Ujumbe uliokuwa unasubiri uliandikwa kwa kutegemea jibu ambalo sasa halipo. Mwulize kama bado anautaka uende.

Mahali pa kuhariria

Jibu linapoandikwa neno kwa neno, ukurasa husogea. Ujumbe unaosubiri ukiwekwa chini ya jibu hilo ndani ya mtiririko wa mazungumzo, kitufe chake cha kuhariri kinasukumwa chini kila mstari mpya unapoongezeka, na mtu anayekilenga kwa kidole hujikuta amegusa kitu kingine. Kwa hiyo foleni ipewe mahali pasiposogea, juu tu ya kisanduku cha kuandikia. Na kwa muda wote mtumiaji anapohariri, ukurasa usijivute wenyewe kwenda chini.

Kwenye kompyuta, kuhariri palepale ujumbe ulipo kunafaa zaidi, kwa sababu mtumiaji anaona ujumbe mwingine wa foleni pamoja na kisanduku chake cha kawaida. Kwenye simu kibodi hufunika sehemu kubwa ya skrini, na kisanduku kidogo kilichopachikwa juu kinaweza kusukumwa nje ya macho. Huko ni afadhali maandishi yaletwe kwenye kisanduku kikuu, yakiwa na ukanda juu yake unaosema "Unahariri ujumbe unaosubiri" na alama ya kuacha. Lakini kabla ya kuyaleta, angalia kama kisanduku hicho kina rasimu nyingine. Ikiwa ipo, ihifadhi kando na uirudishe kama ilivyokuwa mara tu kuhariri kunapokwisha. Kuandika juu ya rasimu ya mtu ni kosa ambalo watumiaji hawalisamehi kirahisi, na wana haki.

Vitufe viwe vikubwa vya kutosha. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti, WCAG, katika toleo la 2.2 la mwaka 2023, unataka eneo la kugusa lisipungue pikseli 24 kwa 24, pamoja na nafuu kwa hali fulani; Android inapendekeza 48 kwa 48 katika kipimo chake, na Apple 44 kwa 44 katika chake. Alama ndogo ya kalamu inayojitokeza tu pale kishale cha kipanya kinapopita juu yake haipo kabisa kwa mtu wa simu. Iache ionekane wakati wote.

Kufuta ujumbe kutoka kwenye foleni kusihitaji dirisha la kuuliza "Una hakika?". Uondoe mara moja, kisha onyesha "Umeondolewa" pamoja na kitufe cha kuurudisha. Mtu akifuta maneno yote wakati wa kuhariri na kuhifadhi ukiwa mtupu, lichukulie kuwa ameuondoa, kwa utaratibu huohuo. Viambatisho navyo viharirike: aliyepakia picha isiyo yenyewe aweze kuitoa bila kuandika ujumbe upya.

Kibodi na visoma skrini

Mshale wa juu ukibonyezwa kisanduku kikiwa kitupu ulete ujumbe wa mwisho wa foleni, kama ambavyo wanaotumia Slack, programu ya mawasiliano ya kazini, au dirisha la amri la kompyuta wamezoea. Kisanduku kikiwa na maandishi, mshale huo ubaki na kazi yake ya kupandisha kishale. Enter ihifadhi, Shift pamoja na Enter iongeze mstari. Msimbo uangalie pia kama mtumiaji yuko katikati ya kuunda herufi, kwa kuwa wanaoandika Kijapani au Kichina hutumia Enter kuchagua herufi, na ujumbe wao usiondoke kwa sababu hiyo.

Esc inahitaji uangalifu wa pekee. Katika programu nyingi ndiyo inayosimamisha jibu, na hapa tunaitaka iache kuhariri. Bonyezo moja lifanye jambo moja: ikiwa mtumiaji anahariri, Esc iache kuhariri tu, na jibu liendelee. Asipoteze jibu la dakika tatu kwa sababu alitaka kufunga kisanduku.

Kwa anayetumia kisoma skrini, yaani programu inayowasomea wasioona kwa sauti yaliyo kwenye skrini, mabadiliko ya foleni yatangazwe kwa upole, bila kukatiza anachosikiliza: ujumbe umewekwa foleni, umeshikiliwa, umehifadhiwa, umetumwa. Maneno ya jibu yasitangazwe moja moja, la sivyo matangazo ya foleni yatazama humo. Baada ya kuhifadhi, kishale kirudi kwenye ujumbe uliohaririwa, wala kisitupwe mwanzo wa ukurasa.

Foleni yenye ujumbe zaidi ya mmoja

Wengi wetu tumezoea kuandika kwa vipande: salamu kwanza, kisha "nina shida moja", kisha shida yenyewe. Programu inayojibu kila kipande peke yake itatoa majibu mawili matupu kabla ya lile lenye maana. Ni busara kuunganisha ujumbe wote uliopo kwenye foleni na kuupeleka kama mmoja pale zamu inapofika, mradi mtumiaji aambiwe kwamba ndivyo itakavyokuwa, na awe na njia ya kuutenganisha anapotaka majibu mbalimbali. Kuvuta ujumbe juu au chini kubadilisha mpangilio ni jambo zuri, ingawa lisipatikane kwa kuvuta tu. Weka na vitufe vya "Sogeza juu" na "Sogeza chini".

Katika programu zinazofanya kazi kwa hatua, baadhi husoma ujumbe mpya kati ya hatua moja na nyingine, na nyingine husubiri hadi kazi yote iishe. Mtumiaji hawezi kukisia. Andika chini ya ujumbe "Utasomwa baada ya hatua hii" au "Utasomwa kazi itakapokamilika", naye ataelewa ana muda gani wa kurekebisha.

Kujaribu

Kosa la mgongano halijitokezi kwa msanidi aliye na mtandao wa kasi na anayehariri polepole kwa mpangilio. Jenga seva ya majaribio inayomaliza jibu kwa wakati unaouchagua, kisha ifanye imalize jibu nusu sekunde baada ya "Hariri" kubofywa, halafu katika sekunde ileile, halafu nusu sekunde kabla. Rudia yote mtandao ukiwa umepunguzwa kasi kwa zana za kivinjari, na tena simu ikiwekwa katika hali ya ndege katikati ya kuhariri. Fungua mazungumzo yaleyale katika vichupo viwili na uhariri ujumbe mmoja kutoka pande zote mbili. Toleo la pili kuhifadhiwa lisilifute la kwanza kimyakimya.

Baada ya hapo wakalishe watu ambao hawakushiriki kujenga, uwape kazi yenye jibu refu, na jibu likiwa linaendelea uwaambie kwamba kuna tarehe au jina linalopaswa kubadilika. Usiwaonyeshe kitufe. Tazama macho yao yanaenda wapi kwanza, na kama wanausimamisha mfumo mzima kwa kukosa njia nyingine. Kwenye mfumo wenyewe, hesabu mara ambazo seva imerudisha 409, mara ambazo watumiaji wamesimamisha jibu sekunde chache baada ya ujumbe wa foleni kuondoka, na mara ambazo ujumbe ulioachwa ukihaririwa haukurudiwa tena. Hesabu hizo zote hupatikana bila kusoma neno hata moja la mazungumzo ya mtu. Idadi ya 409 ikiwa kubwa, tafuta kwanza muda unaopita kati ya kubofya "Hariri" na ombi la kushikilia kufika kwenye seva, kwa kuwa mara nyingi ombi hilo limefungwa nyuma ya maombi mengine yasiyo na haraka, na kulitanguliza ni mabadiliko ya mistari michache ya msimbo.